Shangazi, tamasha linataka niseme mimi ni nani

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Nairobi, ingawa kwetu ni Mombasa. Nililelewa Changamwe na nyanya mzaa mama. Nina miaka 27. Mchana nahariri video za harusi na matanga katika studio ya mtu, na jioni na wikendi mimi ni mshairi. Nimepanda majukwaa mengi ya hapa mjini, mengine ya kulipwa nauli na soda, machache ya kulipwa pesa za maana.

Kazi yangu kubwa inaitwa “Zamu ya Usiku”. Huchukua dakika ishirini na tano. Naanza na tarbia yenye vina na mizani kamili, kisha beti zinaanza kuvunjika moja moja. Nyuma yangu kuna mashuka matatu meupe yameanikwa kwenye kamba, na projekta inamulika video juu yake. Kwenye spika kuna honi ya feri ya Likoni, udi unaopigwa na rafiki yangu, na sauti ya nyanya akiimba huku akikuna nazi, ambayo niliirekodi kwa simu jikoni kwake. Kwenye video kuna mikono ya wanawake wawili wakipakana piko. Mmoja ni mimi. Mwingine ni mpenzi wangu, mwalimu wa shule ya msingi.

Mimi ni kuchu, Shangazi, yaani napenda wa jinsia yangu. Shairi lile ni la mapenzi yangu kwake. Jukwaani sijawahi kulificha, ila sijawahi kuandika popote kwamba hivi ndivyo nilivyo. Nyanya hajui. Au labda anajua na amenyamaza, sijui.

Sasa nimepata mialiko miwili kwa mpigo. Wa kwanza unatoka kwa tamasha moja la Ujerumani. Wananilipa yuro 1,500, ila wameniletea wasifu walioniandikia wenyewe: eti mimi ni “mshairi kuchu aliyetoroka ukandamizaji nyumbani kwao”. Sijatoroka popote. Nalipa kodi ya nyumba hapa Nairobi kila mwezi. Mkataba wao nao unasema rekodi zote za onyesho ni zao milele na ulimwenguni kote. Mwaliko wa pili ni wa sherehe ya utamaduni ya kaunti moja hapa nchini. Hao wanataka kuniagizia toleo jipya la kazi hiyo hiyo kwa shilingi 40,000, kwa sharti niondoe ile mikono na nibadilishe ubeti mmoja ili anayependwa awe mwanamume.

Zaidi ya hayo, mzee mmoja ninayemheshimu sana katika ushairi alitazama onyesho langu akaniambia hii si mashairi, ni sinema ya Kizungu. Niliumia kuliko ninavyoweza kueleza.

Je, niukubali wasifu ule? Nibadilishe ubeti? Na Shangazi, hii ni kazi kweli, ambayo mtu anaweza kuishi nayo mpaka uzeeni, au nimeng’ang’ania kitu ambacho kitaniacha bila pesa na bila familia?

Wako,
Mwenye Zamu

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya kuichapisha barua yako nimebadilisha jina la kazi na alama nyingine chache ambazo zingekutambulisha. Ukiona kitu hakifanani na ulichoandika, ndiyo sababu.

Yote uliyouliza yanakuhusu wewe, na nitakujibu. Lakini barua yako ina watu wengine wawili ambao umewapitia haraka, na hao ndio walionikosesha usingizi. Wa kwanza ni mwalimu. Wewe unaijua hatari uliyoamua kuibeba, na unaibeba ukiwa umesimama jukwaani kwa jina lako. Yeye yumo kwenye video kwa mikono tu, na pengine unaona mikono haina jina. Mikono ina jina, mwanangu. Ina pete, ina kovu, ina namna ya kushika kalamu ambayo watoto arobaini huitazama kila asubuhi ubaoni. Picha moja ya onyesho lako ikiwekwa kwenye katalogi ya tamasha, na jina lako likiwa chini yake pamoja na neno kuchu, mzazi mmoja mwenye simu anatosha kumharibia mwalimu kazi. Wewe utakuwa umepigiwa makofi Ujerumani, naye ataitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kaeni chini wawili, mtazame video yote mwanzo hadi mwisho, picha baada ya picha, aseme ipi ibaki na ipi iondoke. Muulize swali hili pia: je, akikubali leo na mwakani akageuza nia, utafanyaje? Mkubaliane jibu sasa, wakati bado mnapendana na hamjachoka. Akikataa kabisa, piga upya kwa mikono ya mtu mwingine. Wewe ni mhariri, utajua kuilinganisha na mwanga wa ile ya zamani. Na kabla hujatuma faili lolote kwa mtu yeyote, futa taarifa zilizofichwa ndani yake. Video ya simu mara nyingi hubeba mahali na saa ilipopigwa, na sidhani ungependa nyumba yake ipatikane kwa njia hiyo.

Mtu wa pili ni nyanya. Sauti yake inaimba ndani ya shairi la mapenzi ambalo hajui ni la nani. Sikwambii umfungulie moyo wako kesho. Hilo ni lako, lina wakati wake, na hakuna mwenye haki ya kukusukuma, iwe tamasha, iwe mimi, wawe wenzako wanaosema ukimya ni woga. Ila sauti ni yake. Anastahili angalau kujua kwamba inasikika mbele za watu, na kwamba unalipwa kwa kazi iliyomo sauti hiyo. Mwambie: nyanya, ule wimbo wako wa kukuna nazi nimeutia kwenye mashairi yangu, watu wanausikiliza, unaridhia? Akiridhia, mpe sehemu ya malipo, na umpe kama fungu la msanii, siyo kama zawadi ya mjukuu. Akikuuliza mashairi yenyewe yanahusu nini, utaamua hapo hapo umwambie kiasi gani. Ukisema ni ya mapenzi, hutakuwa umemdanganya.

Sasa wasifu. Usiukubali. Hujatoroka, na uongo unaopendeza wenyeji wako unabaki kuwa uongo. Una ubaya wa vitendo pia. Utaomba viza ya muda mfupi, ile inayoruhusu siku 90 ndani ya siku 180, na ofisa wa ubalozi anataka kuamini kwamba utarudi. Ukiweka mezani pake tikiti ya kurudi pamoja na karatasi ya tamasha inayosema umekimbia nchi yako, umempa sababu mbili zinazogombana. Na karatasi ya tamasha haifi. Itakuwa mtandaoni ukiwa na miaka hamsini.

Waandikie waandalizi wako wasifu wako mwenyewe, na uwaambie kwa upole kwamba huo ndio unaoruhusiwa kuchapishwa, na hakuna mwingine, hata kwenye matangazo ya mitandao. Kwa mfano hivi: “Amezaliwa Mombasa, anaishi Nairobi. Hutunga kwa Kiswahili cha pwani na kufanya maonyesho yanayochanganya tarbia, video, udi na sauti zilizorekodiwa. ‘Zamu ya Usiku’ ni shairi la mapenzi kati ya wanawake wawili.” Tazama nilivyofanya. Mapenzi yapo, hayajafichwa, lakini yapo ndani ya kazi. Maisha yako hayajauzwa pamoja na tikiti. Ukitaka kuongeza kwamba wewe ni kuchu, ongeza, kwa siku utakayoichagua. Wasipokupa nafasi ya kuchagua, hao wanataka mateso yako kuliko mashairi yako.

Wapo waliokutangulia katika kuichagua siku hiyo hapa hapa Nairobi. Mwaka 2014 kundi la wasanii lilitengeneza filamu ya visa vitano, ya rangi nyeusi na nyeupe, kuhusu maisha ya makuchu wa Kenya. Walipoipeleka Toronto mwezi wa Septemba majina yao hayakuwa yametangazwa. Watatu kati yao wakaamua kujitaja huko huko, wengine wakabaki walivyo, na filamu ikawa ya wote. Mwaka uliofuata ikapata tuzo Berlin. Nyumbani bodi ya filamu iliipiga marufuku. Na hapa ndipo nataka usome polepole: Oktoba ile ile ya 2014 mmoja wa viongozi wa kundi alikamatwa, na shtaka lilikuwa kurekodi bila leseni. Halikuwa la mapenzi. Lilikuwa la karatasi.

Watu wengi wa rika lako wanaogopa kifungu cha 162 cha Kanuni za Adhabu, kile kinachokataza ngono ambayo sheria inaiita kinyume cha maumbile, na wana sababu. Adhabu yake inaweza kufika miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa tarehe 24 Mei 2019. Lakini kifungu kile kinaadhibu kitendo cha mwili. Hakisemi kutunga shairi ni kosa, na Katiba ya 2010 katika ibara ya 33 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa kuutaja. Kinachoweza kukunasa wewe upesi zaidi ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayotaka kurekodi filamu kuwe na leseni na kuonyesha filamu hadharani kuwe na idhini. Unadhani unaimba mashairi, mwenzako akitazama mashuka yako anaona sinema. Kabla ya kuonyesha kazi hii tena hapa nchini kwa tikiti, zungumza na wakili. Shirika la NGLHRC la Nairobi hutoa msaada wa kisheria kwa makuchu. Ndilo lile ambalo Mahakama ya Juu ilisema Februari 2023 kwamba lina haki ya kusajiliwa, baada ya kesi iliyoanza 2013. Wamezoea maswali kama lako, na hawatakushangaa.

Mkataba wa Ujerumani nao usiutie saini ulivyo. Ndani ya “Zamu ya Usiku” kuna haki nyingi zilizolala pamoja: ya maneno yako, ya udi wa rafiki yako, ya video, ya rekodi ya sauti, na haki ya wewe mwenyewe kama mwimbaji jukwaani. Mkataba unaosema “rekodi zote, milele, ulimwenguni kote” unazichukua zote kwa yuro 1,500, pamoja na sauti ya nyanya na mikono ya mwalimu ambayo wewe huna mamlaka ya kuiuza. Wajibu hivi: mnaweza kurekodi onyesho kwa kumbukumbu yenu ya ndani, mnaweza kutumia kipande kisichozidi dakika tatu kutangaza tamasha kwa miaka miwili, kipande nitakachokichagua mimi, matumizi mengine yote yatahitaji makubaliano mapya ya maandishi. Hili si ombi la ajabu. Waandalizi wazoefu hulipokea kila mwaka na wengi hulikubali siku hiyo hiyo, kwa sababu kifungu cha “milele” mara nyingi kimenakiliwa tu kutoka mkataba wa zamani.

Kuhusu pesa yenyewe, uliza kama hizo 1,500 ni kabla au baada ya kodi. Ujerumani hukata msanii mgeni asilimia 15 na nyongeza kidogo juu yake malipo yakizidi yuro 250 kwa onyesho, na tamasha linaweza kukubali kuibeba kodi hiyo lenyewe ukiomba mapema. Uliza nani analipa tikiti ya ndege, chumba, chakula, viza ambayo ni yuro 90, na bima ya safari ambayo kwa viza ile lazima ifike yuro 30,000. Uliza pia fundi wao wa sauti ni nani na projekta yao ina nguvu kiasi gani. Wasanii wengi wa aina yako hubeba vifaa vyote mgongoni kwa sababu waliona haya kuuliza. Mpigaji udi wako analipwa nini? Yeye naye aandikiwe.

Mwaliko wa kaunti nauona rahisi zaidi, ingawa najua shilingi 40,000 ni kodi ya nyumba. Kuiondoa ile mikono ningekuelewa, maana huenda usalama wa mwalimu ukakulazimisha hata bila wao. Ubeti usiuguse. Ukimfanya anayependwa kuwa mwanamume, utasimama mbele ya watu ukiwa na sauti nzuri na maneno ambayo unajua si kweli, na mwenzako akiwa ameketi viti vya nyuma. Utaujua uchungu huo jukwaani, katikati ya mshororo, na hapo hakuna pa kujificha. Wape shairi jingine. Huna moja tu. Mpe mteja huyu kazi nyingine nzima, isiyokatwa popote, ya feri, ya Changamwe, ya nazi, alipe bei ile ile. Hiyo ni biashara halali na hujamdanganya mtu.

Na tahadhari moja ya kisheria hapo. Umesema wanataka kukuagizia kazi. Sheria yetu ya hakimiliki, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki zake zimehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Washairi wengi hawalijui hili. Wanapokea malipo ya awali, wanatunga, halafu siku moja wanaliona shairi lao kwenye tangazo la serikali na hawana la kusema. Kwa hiyo hata kwa shilingi 40,000 andika sentensi moja: hakimiliki zote zinabaki kwa mshairi, mwandalizi anaruhusiwa kuonyesha kazi siku fulani mahali fulani. Waitie saini pande zote mbili. Iambatanishe na ankara.

Yule mzee wako aliyesema ni sinema ya Kizungu, mheshimu kwa aliyokufundisha na umsamehe kwa aliyokosea. Ushairi wa Kiswahili ni lini uliwahi kukaa kwenye karatasi peke yake? Tenzi zimeghanwa mbele za watu karne na karne. Taarabu ni mashairi yaliyovishwa udi, fidla na ngoma, na mwanamke akiimba aliweza kumsuta mtu au kumposa katikati ya ukumbi, kila mmoja akijua ni nani. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, na maneno yake yakafika majumbani mwa watu wasiojua kusoma. Alitumia mtambo mpya kabisa wa zama zake. Je, naye alikuwa ameuacha ushairi? Wewe una projekta. Na barua yako inasema unaanza na tarbia yenye mizani kamili kabla ya kuivunja. Maana yake unajua unachokivunja. Mwalike mzee arudi, umkalishe mbele, umwombe asikilize beti tano za mwanzo akiwa amefumba macho. Kisha mjadiliane kama mshairi na mshairi.

Swali lako kubwa ni kama hii ni kazi ya kuishi nayo. Nitakujibu kwa maisha ya mtu.

Essex Hemphill alizaliwa Chicago mwaka 1957 na kukulia Washington. Mweusi, kuchu, mshairi. Hakusubiri mchapishaji amgundue: vijitabu vyake vya 1985 na 1986 alivichapa mwenyewe. Alipanda jukwaani na mwanamuziki Wayson Jones, sauti zao zikipandana na kupokezana hadi usijue shairi linaishia wapi na muziki unaanzia wapi. Mwaka 1989 mashairi na sauti yake yakaingia katika filamu ya Marlon Riggs kuhusu wanaume weusi wapendao wanaume, na ilipofika kwenye televisheni ya umma mwaka 1991 vituo vingi vilikataa kuirusha. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1992. Ona mpangilio wake: vijitabu, jukwaa, muziki, filamu, kisha kitabu. Sanaa zote kwa pamoja, kila moja ikiibeba nyenzake.

Kisha kuna hili, ambalo ningependa umsimulie nyanya siku moja. Rafiki yake Joseph Beam alikuwa akiandaa mkusanyo wa maandishi ya wanaume weusi kama wao, akafariki mwishoni mwa 1988 kabla ya kuumaliza. Mama yake Beam, Dorothy, hakukubali kazi ya mwanawe ife. Hemphill alihamia kwa mama huyo Philadelphia, wakaimaliza pamoja, na kitabu kikatoka 1991. Ni mama aliyefiwa na mwanawe, na mshairi asiye wa tumbo lake, wakifanya kazi ya mikono chini ya paa moja. Sikuahidi kwamba nyanya yako atakuwa hivyo. Nakwambia tu kwamba usiwe umekwisha kumhukumu kabla hujamjaribu.

Hemphill alifariki Novemba 1995 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, akiwa na miaka 38. Vitabu vyake vikawa vigumu kupatikana kwa miaka mingi. Ni 2025 tu ndipo diwani ya mashairi yake teule ilipotoka kwa mchapishaji mwenye jina, miaka thelathini baada ya kifo. Mlinganishe na mwenzake Assotto Saint, mzaliwa wa Haiti aliyeishi New York: mchezaji dansi, mshairi, mtunzi wa tamthilia za muziki, mwenye bendi aliyoianzisha na mwenzi wake. Huyu alifungua shirika lake la uchapishaji, na mwaka 1991 akatoa mkusanyo wa washairi mia moja weusi wapenda jinsia yao. Alifariki 1994. Wengi katika wale mia walikwisha kufa au walikufa miaka hiyo hiyo, na mashairi yao tunayo kwa sababu yeye aliyachapa. Karatasi zake mwenyewe zimehifadhiwa katika maktaba ya Schomburg kule Harlem.

Kwetu ni vivyo hivyo. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840, na diwani yake ikachapwa 1940. Katikati alisimama Mwalimu Sikujua, aliyezikusanya tungo zile kutoka midomoni mwa watu kabla hazijapotea. Bila yeye ungemsoma nani shuleni?

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni kazi, ila ni kazi ya kumiliki. Pesa yake huja kwa misimu. Usiiache studio ya harusi bado. Kule ndiko unakojifunza kukata picha kwa bei ya mwajiri, na ni wasanii wachache wa jukwaani wanaojua kuhariri wenyewe. Mwaka ukikupa mialiko minne mitano yenye mikataba safi, ndipo upunguze siku za studio, siku moja kwanza. Lakini kuanzia wiki hii anza kuishi kama mwenye mali. Weka nakala tatu za kila kitu, moja iwe nje ya nyumba unayolala. Andika karatasi ya maelekezo ya “Zamu ya Usiku”: dakika gani honi inalia, mashuka yana upana gani, taa zinafifia kwenye mshororo upi, kibwagizo kinarudiwa mara ngapi. Iandike kiasi kwamba mtu mwingine angeweza kuionyesha bila wewe kuwepo.

Na andika wosia. Najua una miaka 27. Hakimiliki ya mashairi yako itaishi miaka 50 baada yako, na usipoacha wosia itagawiwa kwa ndugu wa damu. Mwalimu, ambaye shairi ni lake, sheria haimjui kabisa. Wosia wa maandishi unahitaji saini yako na mashahidi wawili wasiorithi chochote humo. Mtaje yeye, au mtaje mtu yeyote unayemwamini kwamba hatalichoma sanduku la karatasi zako kwa aibu.

Waandikie Wajerumani kabla katalogi haijaenda kiwandani, kwa sababu ikishachapwa utabaki kubembeleza. Wakikataa kifungu cha haki, nitumie mkataba wenyewe ukiwa umefuta majina, tuusome pamoja.

Shangazi